Du Bois na Kata ya Saba ya Philadelphia

Mwaka 1896, Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilimwajiri W. E. B. Du Bois, Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata shahada ya uzamivu Harvard, ili achunguze hali ya watu weusi wa Philadelphia. Alilipwa dola 900 kwa mwaka, akapewa cheo cha chini, na hakupewa darasa la kufundisha. Baadaye aliandika kwamba mjini humo ilikwisha kuaminika kuwa jiji linaharibiwa na uhalifu wa raia wake weusi, na kilichotakiwa ni utafiti wa kuithibitisha imani hiyo.

Alihamia na mkewe Nina katika Kata ya Saba, karibu na Mtaa wa Lombard, akapita nyumba hadi nyumba akiuliza umri, mahali pa kuzaliwa, kazi, kodi ya nyumba na elimu ya wakazi weusi wa kata hiyo, ambao walikuwa zaidi ya 9,000. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1899 aliweka ramani yenye rangi, kila rangi ikionyesha hali ya kaya, na yeyote anayeitazama huona kwamba wenye nafasi na mafukara waliishi jirani, jambo ambalo wazungu waliowahesabu weusi wote kuwa kundi moja hawakulijua.

Uzito wa kitabu, kwa maoni yangu, uko kwenye sura za kazi na makazi. Vinyozi na wapishi wa karamu weusi, waliowahi kuheshimika sana jijini, walikuwa wamepoteza wateja. Viwanda na vyama vya wafanyakazi viliwafungia milango vijana weusi, hivyo wengi wakabaki na utumishi wa majumbani. Utumishi huo uliwalazimu kuishi karibu na matajiri, ambako wenye nyumba, wakijua kuwa mpangaji mweusi hana pengine pa kwenda, walitoza kodi kubwa kwa vyumba vibovu, na familia zikapangisha chumba kimoja au viwili kwa wageni ili kodi itimie. Msongamano huo, pamoja na maji machafu, ndio aliouhusisha na wingi wa vifo, wala si damu ya mtu, yaani asili yake ya weusi.

Hata hivyo, aliwahukumu maskini kwa ukali wa mtu aliyelelewa New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, na kurasa zake kuhusu ndoa na starehe zinapaswa kusomwa kwa tahadhari.

Alipokuwa profesa Atlanta aliendeleza tafiti kama hizo hadi mwaka 1910, alipokwenda New York kuhariri jarida la NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, akiwa amekwisha kutilia shaka kwamba takwimu peke yake zingewazuia watu kuua weusi hadharani.