Ukisimama kukimbia, kwa nini bado unahema?

Mchezaji akitoka uwanja wa Nangwanda Sijaona, hapa Mtwara, akitweta, wenzake humwambia, "Vuta hewa, vuta!" Nia njema, ila ushauri si sahihi. Mwenye mapafu mazima haishiwi oksijeni kwenye damu kiasi hicho. Kinachomhemesha zaidi ni hewa ukaa, yaani kabonidayoksaidi, pamoja na asidi inayotoka kwenye misuli.

Ukisimama, pumzi hushuka kwa awamu mbili. Kwanza kwa haraka, ndani ya sekunde chache: ubongo umeacha kuiamuru miguu, na neva za misuli na viungo hazipeleki tena taarifa za mwendo. Kisha inashuka polepole, dakika kadhaa, na baada ya mbio kali huweza kupita nusu saa. Hapo damu bado inapokea asidi. Bikaboneti, kemikali iliyomo kwenye damu, inaidhibiti, lakini katika kufanya hivyo inazalisha hewa ukaa zaidi. Vihisi vya kwenye shina la ubongo, na vingine vidogo mno shingoni pale ateri inapogawanyika, vinapima mabadiliko hayo na kukihimiza kifua mpaka ziada itoke.

Joto letu la pwani linaongeza kazi. Unyevu ukiwa mwingi jasho linachuruzika bila kukauka, mwili unachelewa kupoa, na pumzi nayo inachelewa kutulia. Tafuta kivuli chenye upepo.

Usijitupe chini. Tembea dakika 5 hadi 10, maana misuli ya miguu ndiyo inayosukuma damu irudi kwenye moyo. Ukiganda ghafla damu hutuama miguuni, unapata kizunguzungu, hata kuanguka. Ukishindwa kutembea, inama, shika magoti. Makocha wengi wanakataza mkao huu. Mimi naukubali, kwa sababu unakipa nafuu kiwambo kilicho chini ya mapafu. Dakika ya kwanza acha mwili uheme utakavyo. Baadaye vuta kwa pua kwa hesabu ya 2, toa kwa hesabu ya 4 huku midomo umeibana kama unayepuliza chai ya moto.

Midomo na vidole vikianza kufa ganzi, umepumua kupita kiasi: hewa ukaa imeshuka mno na mishipa ya ubongo imejibana. Punguza kasi ya pumzi. Usipumulie ndani ya mfuko.

Kikohozi na kifua kulia mluzi dakika 5 hadi 15 baada ya kusimama ni dalili za pumu ya mazoezi. Wakati wa kupuliza salfa ya unga kwenye mikorosho, kazi hiyo hufanywa alfajiri, saa zilezile za kukimbia, na vumbi lake linawasha njia ya hewa. Badilisha njia, nenda upande wa mtaa wa Shangani. Ila kifua kikiuma, midomo ikigeuka bluu, au ukishindwa kumaliza sentensi ukiwa umeshapumzika, nenda hospitali saa hiyohiyo.