Kuongeza faili kwa matoleo katika hifadhi ya kidijitali

Kuongeza faili kwa matoleo ni utaratibu unaoiwezesha hifadhi ya kidijitali kupokea faili mpya au zilizosahihishwa za mkusanyo uliokwisha kuhifadhiwa, bila kugusa zilizokuwamo. Kila badiliko huingia likiwa toleo jipya, na matoleo yaliyotangulia hubaki kama yalivyopokelewa.

Wengi hudhani kwamba kila toleo ni nakala kamili ya mkusanyo mzima. Sivyo. Tuchukue mkusanyo wa picha 400: zikiongezwa picha 20, na moja ya zile za mwanzo ikasahihishwa, toleo la pili litahifadhi faili 21 tu, ilhali orodha yake itataja picha zote 420, na kwa zile 399 ambazo hazikubadilika itaelekeza kwenye folda ya toleo la kwanza. Toleo, kwa hiyo, ni maelezo ya hali ya mkusanyo wote kwa wakati fulani, wala si rundo la faili zilizoingia siku hiyo. Mtafiti aliyenukuu toleo la kwanza ataweza kuisoma picha ileile aliyoiona, hata kama sasa inaonekana kuwa na kasoro, na kwangu hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko hata kuokoa nafasi ya diski.

Kanuni ya Oxford Common File Layout, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2020, hufuata mtindo huu. Folda huitwa v1, v2, v3 na kuendelea, na faili iitwayo inventory.json huorodhesha yaliyomo katika kila toleo. Kila faili hutambuliwa kwa alama inayokokotolewa kutokana na maudhui yake, kwa kawaida kwa njia ya SHA-512; alama hiyohiyo hutumika baadaye kukagua kama faili imeharibika. Faili ikibadilishwa jina tu, hakuna kinachonakiliwa, kwani orodha mpya huiunganisha alama ya zamani na jina jipya.

Kufuta kunahitaji uangalifu zaidi. Faili iliyoondolewa katika toleo jipya hutoweka kwenye orodha ya toleo hilo, lakini bado imo katika folda ya zamani. Sheria ikidai taarifa za mtu ziondolewe kabisa, kuongeza toleo hakutoshi: mkusanyo hulazimika kuundwa upya bila faili hiyo, na uamuzi huo uwekewe kumbukumbu yake.