Aliyemeza vumbi la mionzi: saa za kwanza ziko mikononi mwa muuguzi

Mtu akimeza au kuvuta vumbi lenye mionzi, watu wengi hudhani uhai wake unategemea dawa adimu inayopaswa kuletwa kwa ndege. Dawa zipo na nitazieleza. Lakini mimi nafanya kazi kitengo cha dharura hapa Kampala, na kwa maoni yangu anayeamua hatima ya mgonjwa huyo ni muuguzi wa zamu: akimkimbia au asimkimbie, akikumbuka kumchukua sampuli ya pua au akisahau.

Kila ninapofundisha somo hili swali la kwanza ni lile lile: "Daktari, nikimgusa si na mimi nitapata?"

Inategemea kilichompata. Aliyepigwa na mionzi kutoka nje, kama anayepigwa picha ya eksirei, hatoki na chochote mwilini. Mguse, mbebe, hana madhara kwako. Mwenye vumbi la mionzi ni mwingine. Vumbi liko kwenye nguo, nywele na ngozi, na sehemu yake imeshaingia kwa pua, mdomo au kidonda. Huyo tunamvalia gauni, kofia, barakoa na glavu pea mbili. Wauguzi wa Uganda hawahitaji kufundishwa hilo upya. Tumepita Ebola ya Gulu mwaka 2000 na ya Mubende mwaka 2022, mikono imezoea kuvaa na kuvua kwa mpangilio. Tena hapa kuna nafuu: vumbi la mionzi halizaliani. Likiingia kwenye glavu, vua glavu, vaa nyingine, endelea na kazi.

Kwa hiyo kama anavuja damu, zuia damu. Kama hapumui vizuri, fungua njia ya hewa. Kama anahitaji upasuaji wa haraka, apelekwe. Mashine ya kupima mionzi itamfuata huko huko. Inaniuma sana kufikiria mgonjwa akifa kwa kupoteza damu huku wahudumu wamesimama mlangoni wakiogopa kitu ambacho sabuni na maji vingekiondoa.

Nguo zivuliwe mapema. Zikate kwa mkasi kutoka shingoni kushuka chini, uzikunje upande wa nje uende ndani, utie mfukoni, ufunge, uandike jina na saa. Hatua hiyo peke yake inaweza kuondoa hadi asilimia 90 ya uchafu wa nje. Kisha maji ya vuguvugu na sabuni, kwanza kwenye kidonda, bila kusugua kwa brashi. Ngozi iliyochubuka ni mlango mwingine wa vumbi kuingilia.

Kabla hajaoshwa uso wala kupenga kamasi, mchukue sampuli ya pua. Lowanisha kidogo kijiti cha pamba kwa maji safi, kizungushe taratibu kwenye tundu la kulia, kitie kwenye kichupa chake. Kijiti kingine kwa tundu la kushoto, kichupa kingine. Usivichanganye. Mionzi ikionekana pande zote mbili, yaelekea amevuta vumbi hadi mapafuni. Ikiwa upande mmoja tu, huenda alijigusa pua kwa kidole kichafu. Pua hujisafisha yenyewe upesi, kwa hiyo sampuli ya jioni kwa ajali ya asubuhi haitakuambia kitu. Baada ya hapo anza kukusanya mkojo wa saa 24, na kinyesi pia.

Usumbufu wote huu ni kwa sababu hakuna dawa moja ya "mionzi". Kila elementi ina mahali pake pa kujificha mwilini na njia yake ya kutolewa. Iodini-131 hukimbilia tezi ya shingo. Plutoniamu na amerisiamu hukaa kwenye mifupa na ini. Urani huumiza figo, na huziumiza kama sumu ya kemikali zaidi kuliko kwa mionzi yake. Sesiamu-137 husambaa kwenye misuli mwili mzima.

Sesiamu ndiyo inayonikosesha usingizi, kwa sababu ya yaliyotokea Goiânia, Brazili, Septemba 1987. Watu wawili waliingia kwenye kliniki iliyohamwa, wakang'oa sehemu ya mashine ya tiba ya saratani na kuiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ndani mlikuwa na unga wa sesiamu uliong'aa rangi ya buluu gizani. Watu waligawiana, wakajipaka. Mtoto wa miaka 6 aliuchezea, kisha akala kwa mikono ile ile. Watu zaidi ya 112,000 walipimwa, 249 wakakutwa na uchafu wa mionzi, na wanne walifariki, mtoto huyo akiwamo.

Wagonjwa 46 wa Goiânia walipewa bluu ya Prussia, rangi ile ile ya wachoraji, ila iliyotengenezwa kwa kiwango cha dawa. Sesiamu ina tabia ya kutoka kwenye damu kuingia utumbo, kisha kufyonzwa tena kurudi kwenye damu. Bluu ya Prussia hukaa utumboni kama mgono wa samaki: sesiamu ikiingia haitoki, inaondoka na kinyesi. Muda wa mwili kupunguza sesiamu kwa nusu hushuka kutoka siku 110 hivi hadi 30 hivi. Mtu mzima humeza gramu 3 mara tatu kwa siku. Mwambie mapema kwamba choo chake kitakuwa cha buluu, na uangalie asifunge choo na potasiamu ya damu isishuke.

Kwa plutoniamu na amerisiamu kuna DTPA, dawa inayozinasa zitoke na mkojo, gramu 1 kwa dripu, ya kalsiamu siku ya kwanza, kisha ya zinki. Mwaka 1976 kwenye kituo cha nyuklia cha Hanford, Marekani, Harold McCluskey alilipukiwa na amerisiamu usoni. Alitibiwa kwa DTPA akaishi hadi 1987, na aliyemuua ni ugonjwa wa moyo. DTPA haitumiki kwa urani, kwani ingeziongezea figo mzigo. Kwa urani tunatumia sodiamu baikaboneti.

Vidonge vya potasiamu iodaidi hujaza tezi ya shingo kwa iodini salama ili ile ya mionzi ikose nafasi. Mtu mzima miligramu 130, kabla ya tukio au ndani ya saa chache. Baada ya siku nzima faida ni ndogo. Havisaidii kitu kwa sesiamu. Na tafadhali, aidini ya kusafishia vidonda isinywewe kamwe.

Yanatuhusu? Mulago imetumia mashine ya tiba ya saratani yenye kobalti-60, elementi nyingine ya mionzi, tangu miaka ya 1990. Vifaa vya kukagua ushindiliaji wa udongo barabarani hubeba sesiamu-137 na amerisiamu-241. Na vyuma chakavu vinanunuliwa Katwe na Kisenyi kila siku, vingine vikienda kuyeyushwa Jinja. Ndugu yangu wa skrepa, ukiletewa kopo dogo lenye uzito usiolingana na ukubwa wake, au lenye alama ya mapanga matatu kama ya feni kuzunguka kidoa, usilikate. Ondoka, zuia watu, pigia polisi. Wao watawafikia Baraza la Nishati ya Atomiki, wasimamizi wa vyanzo vya mionzi nchini.

Nawe sista uliye kwenye kituo cha afya mbali na Kampala, usisubiri majibu ya maabara ndipo umpeleke mgonjwa. DTPA na iodini zinataka kuwahiwa. Bluu ya Prussia bado husaidia hata ikichelewa. Mtangulizie simu hospitali ya rufaa, mfunike kwa shuka safi, na kwenye ambulensi tuma vichupa viwili vya pua, chupa ya mkojo wa kwanza, na karatasi yenye saa aliyogusa kitu kile na maneno yake mwenyewe kuhusu kilivyofanana. Mfuko wa nguo ubaki kwako, chumba kisichopitwa na watu, hadi watu wa Baraza wafike kuuchukua.