Kabla hujalipia mtoto wa mbwa, mtake mama yake

Watu wakitupigia kuhusu kununua mbwa wanauliza bei na chanjo, sawa, lakini sisi madaktari wa mifugo tungependa swali la kwanza liwe mama yake yuko wapi, maana mtoto anaogeshwa anapigwa picha anapendeza, na anayeumia ni jike aliyefungiwa huko nyuma, akiingia kwenye joto tu anapandishwa tena.

Uingereza wamejifunza kwa Lucy, mbwa aina ya Cavalier King Charles Spaniel aliyeokolewa mwaka 2013 kwenye shamba la kuzalishia mbwa huko Wales. Nyonga zilikuwa zimekakamaa kwa kubanwa kwenye kizimba, mgongo umepinda, manyoya yamenyonyoka. Alikufa 2016, na kampeni ya daktari wa mifugo Marc Abraham ikaleta Sheria ya Lucy, iliyoanza England tarehe 6 Aprili 2020. Dukani na kwa madalali ni marufuku kuuza mtoto wa mbwa au paka wa chini ya miezi 6, anauza aliyemzalisha mwenyewe na mnunuzi amuone akiwa na mama yake palepale alipozaliwa.

Kabla ya hapo, kanuni za 2018 zilishawabana wazalishaji wenye leseni: jike asipandishwe kabla hajafikisha mwaka, asizae zaidi ya mara 1 ndani ya miezi 12 wala zaidi ya mara 6 maishani, na akishapasuliwa mara 2 kujifungua basi, imetosha. Hilo la kupasuliwa linawagusa sana bulldog, watoto wana vichwa vikubwa na nyonga ya mama ni nyembamba, na ile pua bapa tunayoiona nzuri ndiyo inamfanya akorome mchana kweupe kwa sababu hewa haipiti vizuri. Uholanzi pua ikiwa fupi kuliko theluthi moja ya fuvu mbwa huyo hazalishwi, na Norway mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilisema kuendelea kuzalisha Cavalier kama ilivyokuwa kunavunja sheria ya ustawi wa wanyama. Mimi naona wamefanya haki kabisa.

Sasa wajanja wanakodi jike mwingine anakaa pale kama mama, kwa hiyo angalia chuchu zake zina maziwa, angalia watoto wanamkimbilia au wanampita tu. Ukiambiwa mama kapelekwa kliniki, au tukutane parking nikuletee, usinunue, hata ukimwonea huruma huyo mtoto, hela yako ndiyo itampandisha mama yake tena.