Namba ya ubavuni mwa tairi si kipimo cha kujazia upepo

Madereva wengi huamini kwamba namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi, mathali 44 PSI au 51 PSI (PSI ni kizio cha msukumo wa upepo), ndiyo ya kujazia upepo. Si ajabu, maana imeandikwa kwenye tairi lenyewe.

Lakini hicho ni kikomo cha juu cha upepo wa tairi. Aliyelitengeneza hajui litafungwa kwenye gari gani. Anayejua uzito wa gari ni mtengenezaji wa gari, naye huandika kipimo kwenye kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva, au ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta. Magari mengi madogo huwa kati ya 30 na 36 PSI. Mbele na nyuma huenda vikatofautiana, na mzigo mzito una kipimo chake.

Tairi likijaa kupita kiasi, hugusa barabara kwa katikati tu: hapo ndipo linapolika upesi, na gari huchelewa kusimama. Upepo ukipungua, kingo mbili hulika, ubavu hujikunja kila mzunguko na kupata joto hadi tairi kupasuka. Hili la pili ndilo baya zaidi.

Pima kwa geji tairi likiwa baridi, gari likiwa limeegeshwa kwa muda wa saa tatu au zaidi. Baada ya safari geji huweza kusoma 4 PSI zaidi, usiupunguze upepo. Na spea je? Ile nyembamba ya dharura kwa kawaida hutaka 60 PSI.