Udi wangu na hita za Ulaya

Udi wangu, ala ya nyuzi niipigayo nikiimba, umekulia Lamu. Unyevu wa hewa huku mara nyingi hupita asilimia 70, na mbao zake zimeuzoea. Januari nikaubeba hadi Ujerumani kwenye maonyesho. Hewa ya baridi haibebi maji mengi, na ikishapashwa moto ndani ya nyumba huwa kavu zaidi, hata chini ya asilimia 30. Usiku wa pili nikasikia "ta!" gizani. Asubuhi uso wa udi ulikuwa na ufa mwembamba kando ya nyuzi.

Sasa mkobani hukaa kibweta cha sabuni nilichokitoboa, ndani yake sponji yenye majimaji. Dawa ya ufa hiyo. Vigingi navyo ni vya mbao, vikikauka huteleza, na nyuzi ni kumi na moja. Basi kila baada ya wimbo, nakaza.

Pesa nitazitaja kwa ufupi, maana zenyewe zilikuwa fupi. Ujerumani humkata msanii wa nje asilimia 15 ya malipo yote kabla hajatoa nauli, na nyongeza kidogo juu yake. Onyesho la euro 250 au chini yake halikatwi. Aliyetualika aliyasema haya siku ya kulipana.

Kilichoniumiza hasa ni kimya. Arusini kwetu, ubeti ukimgusa mtu haketi. Atainuka na noti mkononi, aje anitunze mbele ya yule anayemkusudia. Hapo najua shairi limefika. (Kuna majirani hawakusemezana mwaka mzima kwa ubeti ambao hata si wangu.) Kule niliimba mafumbo yale yale, watu mikono mapajani, mwisho makofi ya adabu. Mamangu alishaniuliza kwenye simu: "Wawaimbia nini, mwanangu, na wao hawayui Kiswahili?" Nilicheka. Usiku sikulala.

Nikaanza kueleza kila fumbo kabla ya kuimba. Kosa kubwa! Fumbo likishaelezwa ni halua iliyoingia maji. Nikaacha maelezo, nikarefusha taksimu, yaani udi peke yake bila kuimba, nikaingia bayati, mojawapo ya ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu. Nota ya pili ya bayati haimo kwenye piano, hukaa katikati ya vibonye viwili, na sikio lisiloizoea hudhani mpigaji amekosea. Mjini Köln, nilipoigusa tu, mzee mmoja wa Kisyria safu ya nyuma akatoa "Allah!" kwa sauti. Ukumbi mzima ukageuka kumtazama. Nikairudia kwa ajili yake, naye akaitikia tena, na safari hii kuna waliocheka, kuna waliosogea mbele vitini.

Mwisho alinijia. Kiarabu changu ni cha madrasa, cha kusoma tu, na yeye Kiingereza hana. Akanyosha mikono, nikampa udi. Akagusa nyuzi moja moja, akakunja uso kwenye ile iliyolegezwa na hita, akaikaza taratibu mpaka ikakaa, akanirudishia.