Kitendawili cha miji dada, wengi tunakosea hapa

Kitendawili! Tega. "Nina dada wawili, mmoja ni wa rafiki mwingine wa adui, wa kwanza nilimpata mabomu bado yanalia." Ukishindwa nipe mji, na hapa mji wenyewe ndo jibu: Coventry, Uingereza.

Watu wengi wanakwama kwenye hicho kipande cha mwisho maana tumezoea kuamini miji kufanywa dada, yaani miji ya nchi mbili kufunga urafiki rasmi, ni mambo ya baada ya vita, mameya wanapeana mikono, picha, basi. Sio kweli bana. Coventry ilipigwa na ndege za Wajerumani usiku wa 14 Novemba 1940, watu zaidi ya 500 wakafa na kanisa kuu likabaki kuta tupu, na kuta hizo zipo mpaka leo. Sasa waliposikia Stalingrad, mji wa Muungano wa Kisovieti uliokuwa rafiki wa Uingereza vitani, nayo inavyosagwa na Wajerumani, wanawake wa Coventry wakachukua kitambaa cha meza wakadarizi majina yao, zaidi ya 800, na maneno kwamba msaada kidogo ni bora kuliko huruma kubwa, wakatuma na pesa walizochanga. Udugu ukawa rasmi 1944, Hitler bado yuko hai!

Dresden ndo ilikuja baadaye, 1959, na huyo ndiye dada wa adui, mji wa Ujerumani uliochomwa na ndege za Uingereza na Marekani Februari 1945.

Halafu mtego mwingine: ukitafuta Stalingrad kwenye ramani ya leo huioni, tangu 1961 inaitwa Volgograd.